UZI: Vyombo vya kale vya fedha: kusoma chapa, kupima na kutunza bila kuviharibu

#1 SonaraWaZamani

Wakuu, salaam.

Kuhusu fedha ya kale watu huanza kuuliza "nisafishe na nini?" Swali linalotakiwa kutangulia ni "hiki ni kitu gani?" Kijiko cha fedha halisi, kijiko cha metali nyingine kilichochovywa fedha juu tu, na kisu chenye mpini uliojazwa lami vikipangwa mezani vinafanana, ila dawa ya kimoja ni sumu ya mwenzake. Kwa hiyo tuanze na chapa, yaani alama ndogo zilizopigwa kwenye metali, usafi utafuata. Wenye ujuzi nikosoeni nikiteleza.

Vifaa: lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, taa unayoweza kuilaza ili mwanga uipitie chapa kwa mshazari, mizani inayosoma hadi gramu 0.01, na glavu za nitrili. Glavu za lateksi ziacheni, zina salfa, na salfa ndiyo adui namba moja wa fedha.

Fedha tupu ni laini mno, ndiyo maana huchanganywa na shaba. Kiwango husomwa kwa sehemu za elfu. 925 ndiyo sterling. 958 ni kiwango cha Britannia, ambacho Uingereza ilikifanya cha lazima kuanzia 1697 hadi 1720. Ufaransa ina 950 na 800. Ujerumani utakutana sana na 800 na 835, nchi za Skandinavia 830. Marekani neno COIN humaanisha takriban 900, na STERLING ni 925. Urusi ya kifalme ilihesabu fedha tupu kuwa zolotniki 96 (kizio chao cha uzito), kwa hiyo 84 kwenye kijiko cha Kirusi si mwaka wala namba ya kiwanda: ni 84 kwa 96, yaani 875. Wajerumani wa zamani walihesabu fedha tupu kuwa lothi 16, basi 12 ni 750 na 13 ni 812.5. Tangu 1888 wao hutumia mwezi mwandamo na taji pamoja na namba ya kiwango.

Uingereza ndiko kwenye utamu, kwa sababu chapa zake zikikamilika zinakupa mtengenezaji, mji, kiwango na mwaka. Simba anayetembea, mguu mmoja juu, ni sterling, tangu 1544. Mji: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham (tangu 1773), taji ni Sheffield (1773 hadi 1974, kisha waridi), ngome yenye minara mitatu ni Edinburgh, kinubi chenye taji ni Dublin. Kichwa cha mfalme au malkia kwa pembeni ni alama ya kodi, na ilipigwa kati ya 1784 na 1890 tu. Hiyo ni zawadi kwa mkadiriaji: ukiiona, umri umeshafungwa ndani ya karne moja na kidogo.

Herufi ya mwaka ndiyo inayowaangusha wengi. Herufi "K" peke yake haina maana. Lazima usome aina ya maandishi (kubwa, ndogo, ya kigothi) na umbo la ngao iliyoizunguka, ndani ya jedwali la mji huohuo. "K" ya London na "K" ya Birmingham si mwaka mmoja. Na kabla ya 1975 herufi haikubadilishwa Januari. London ilibadilisha mwishoni mwa Mei, ndiyo maana wataalamu huandika 1832/33. Kwa Sheffield, kabla ya 1824 herufi hazikufuata mpangilio wa alfabeti kabisa, usijaribu kukisia.

#2 KabatiLaVioo

Mkuu, darasa zuri. Naomba ufafanuzi wa mambo mawili. Kuna vyombo vina vingao vinne vidogo, kila kimoja na herufi ya kigothi, vinaonekana kama chapa za Uingereza kabisa. Na kuna vijiko na uma za Kijerumani zenye "90" ndani ya duara. Hiyo ni 900?

#3 BiNakshi

Vingao vinne: soma herufi zenyewe. Ukipata E, P, N, S, huo ni mchovyo wa umeme juu ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Mchanganyiko huo wenyewe huitwa "German silver" au "Alpacca" na hauna fedha hata chembe. EPBM ni mchovyo juu ya metali ya bati. Viwanda viliziweka herufi kwenye vingao makusudi ili zifanane na chapa za serikali. Kanuni: hakuna simba, hakuna sterling ya Kiingereza.

Kanuni hiyo nayo ina mtego. Kampuni ya Gorham ya Marekani ilitumia simba, nanga na herufi G. Ni fedha halisi, ila si Birmingham. Marekani haikuwa na ofisi ya taifa zima ya kupima na kupiga chapa. Tafuta neno STERLING pembeni, na kuanzia 1868 Gorham walikuwa na alama zao wenyewe za mwaka.

"90" si 900. Ni gramu 90 za fedha zilizotumika kuchovya vipande 24, yaani vijiko 12 vya mezani na uma 12. Gawanya: gramu 3.75 kwa kipande. Ni mchovyo mzuri na mzito, lakini ni mchovyo.

Kwa Ufaransa, kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Kirumi, mwenye kofia ya chuma ndicho cha kutafuta, tangu 1838, namba 1 kwa 950 na 2 kwa 800. Alama ya mtengenezaji wa fedha halisi imo ndani ya umbo la msambamba uliosimama kwa ncha. Ya mtengenezaji wa mchovyo imo ndani ya mraba. Watu wanaikosa kila siku tofauti hiyo.

Halafu kuna Sheffield plate, ambayo si mchovyo wa umeme. Thomas Boulsover aligundua miaka ya 1740 kwamba bamba la shaba na la fedha yakishikanishwa kwa moto huviringishwa pamoja kama bamba moja. Ilitawala hadi kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipopata hataza ya mchovyo wa umeme mwaka 1840. Utaitambua kwa mshono wa kiungo kwenye mwili wa chombo, waya wa fedha uliobandikwa ukingoni kuficha shaba, na mara nyingi kipande cha fedha nene kilichopachikwa mahali pa kuchorea jina. Pulizia pumzi kama unavyopulizia miwani: kipande hicho kinajitokeza kwa rangi tofauti sekunde chache. Wekundu wa shaba ukichungulia kwenye kona, usiipeleke kuchovywa upya. Ukishaichovya umeifuta.

#4 GramuKwaGramu

Niongeze kipimo ambacho hakikwangui wala hakiunguzi. Sumaku inakuambia tu kwamba si chuma. Shaba na nikeli-shaba (ile "German silver") pia hazivutwi. Barafu kuyeyuka haraka juu ya chombo hakuthibitishi kitu, maana shaba nayo hupitisha joto vizuri. Kinachosema kweli ni uzito kwa ujazo.

Pima kijiko kikavu. Tuseme gramu 62.20. Weka glasi ya maji kwenye mizani, irudishe sifuri. Ning'iniza kijiko kwa uzi mwembamba wa mshipi, kizame chote bila kugusa chini wala ukuta. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa, ambao ni sawa na ujazo kwa sentimita za ujazo. Ikisoma 6.00, gawanya: 62.20 kwa 6.00 ni 10.37. Hiyo ni sterling. Nikeli-shaba ya uzito huohuo ingesoma karibu 7.15, maana uzito wake kwa ujazo ni takriban 8.7.

Kinachoharibu hesabu: viputo vya hewa vilivyonata kwenye nakshi (tia tone la sabuni, tikisa), uzi mnene, na mizani isiyosoma chini ya gramu 0.1. Kati ya 925 na 800 tofauti kwenye kijiko hiki ni kama gramu 0.13 tu, kwa hiyo usitangaze kiwango, tangaza tu kama ni fedha au si fedha. Kipimo hiki hakifai vyombo vyenye uwazi ndani, vilivyojazwa, wala visu vyenye bapa la chuma.

Jambo jingine linalopitwa: mikwaruzo ya namba chini ya sahani na vikombe vya Kiingereza, mfano "12 10". Ni uzito wa awali, wakia 12 na penivati 10. Wakia ya sonara ni gramu 31.1 na ina penivati 20, hivyo hapo tunatarajia gramu 388.8. Chombo kikiwa pungufu kidogo ni kawaida, karne mbili za kung'arishwa zimekula. Kikiwa kizito zaidi, kuna kitu kimeongezwa baadaye: kitako, mpini, mdomo wa kumiminia. Hapo anza kuuliza maswali.

#5 SonaraWaZamani

@GramuKwaGramu umenikumbusha chapa za kughushi. Chapa ya kweli ilipigwa kwa nyundo: kingo zake ni kali, chini ni safi, na ukigeuza bamba jembamba utahisi kauvimbe upande wa pili. Ya bandia iliyomwagwa kwenye kalibu ina kingo zilizolegea na vitundu kama ngozi ya chungwa. Ukipata vijiko sita vya "1760" na chapa zimekaa nafasi ileile, pembe ileile kwenye vyote sita, vimetoka kalibu moja. Fundi aliyepiga kwa mkono hawezi kurudia hivyo.

Kuna pia chapa za kweli kwenye chombo kisicho chake. Uingereza ilitoza kodi ya peni 6 kwa wakia kuanzia 1720 hadi 1758, na baadhi ya masonara walipeleka kitu kidogo kupigwa chapa, wakakikata kile kipande na kukilehemu kwenye kitako cha buli kubwa. Pumzi inafichua: mduara wa lehemu unaonekana kuzunguka chapa.

Kifuniko nacho kinatakiwa kiwe na chapa zake, walau simba na mtengenezaji, na zilingane na za mwili. Kwa vijiko, kabla ya takriban 1780 chapa zilikuwa karibu na bakuli la kijiko, baadaye zikahamia juu kuelekea ncha ya mpini. Kijiko cha mtindo wa 1820 chenye chapa zilizobanana shingoni kichunguzwe upya.

Asidi ya kupimia (ile ya naitriki na daikromati inayogeuka nyekundu) mwachieni mtaalamu. Inaacha doa la kudumu, na chromi iliyomo husababisha saratani.

#6 MezaYaSherehe

Kwenye usafi mbona mnazunguka? Foili ya alumini, bikaboneti ya soda, maji ya moto. Dakika mbili weusi wote umekwisha, na hakuna fedha inayopotea kwa sababu hakuna kusugua.

#7 KemiaYaMetali

Mkuu, nusu yake ni kweli, ndiyo maana njia hii inadanganya. Weusi ni salfidi ya fedha. Alumini inaichukua salfa na fedha inabaki. Lakini fedha iliyorudi haikai kama ilivyokuwa. Inabaki kama sifongo, yenye vitundu visivyoonekana, ndiyo maana chombo kinatoka cheupe kisicho na uhai, na weusi unarudi upesi kuliko mwanzo.

Hasara kubwa ni kwenye nakshi. Weusi wa mabondeni mwa nakshi ni kivuli chake. Mara nyingine fundi mwenyewe aliutia. Bafu ya foili haichagui, inafuta vyote, na ua lililochongwa linabaki kama chapati. Niello ya Kirusi, ile nyeusi ya kujazia michoro, imetengenezwa kwa fedha, shaba, risasi na salfa. Weusi huo ndio kazi yenyewe, usiupeleke huko kabisa. Na maji yakishaingia ndani ya mpini wenye uwazi hayatoki. Yatatoka baadaye kidogo kidogo yakiacha madoa.

Kwa uma na vijiko vya kawaida, fedha halisi, visivyo na uwazi, kuchovywa dhahabu, mawe wala nakshi iliyotiwa weusi, mara moja moja sawa: gramu 60 za bikaboneti kwa lita ya maji yanayokaribia kuchemka, kila kipande kiguse foili, madirisha wazi (harufu ya yai bovu ni gesi yenye sumu), toa mara weusi unapoachia, suuza, kausha.

Zile chupa za kuchovya zinazouzwa tayari ni mbaya zaidi. Zina asidi na thiourea. Huunguza bapa za visu, huondoa mng'ao, na matone yake yakibaki kwenye kiungo yanaendelea kula.

#8 BiNakshi

Naungana na KemiaYaMetali. Dawa ya meno nayo waachieni wenye meno, chembe zake zinakwaruza fedha.

Utaratibu wenye madhara machache:

1. Osha kwanza. Maji ya vuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo isiyo na limau wala klorini, taulo chini ya beseni, kipande kimoja kimoja. Nusu ya "weusi" huwa ni mafuta na vumbi, na vumbi ukilisugua kavu ni msasa.
2. Kausha papo hapo kwa pamba laini. Bawaba na viungo, kikausha nywele kwa hewa baridi.
3. Kama bado kuna weusi unaokera, chukua unga laini wa chaki ya kalisi (kalisi kaboneti iliyochujwa), changanya na maji yaliyotoneshwa mpaka uwe kama uji mzito. Chaki ya ubaoni haifai; nyingi ni jasi na ina mchanga. Mkienda dukani kutafuta maji ya betri, someni chupa mara mbili: mnataka maji, si asidi.
4. Pamba yenye unyevu, mistari iliyonyooka, nguvu ya kufuta machozi ya mtoto. Usizungushe. Badilisha pamba ikiwa nyeusi, maana weusi uliobebwa unakwaruza.
5. Usiguse mabonde ya nakshi wala chapa. Chapa zilizofutika ndizo hasara ya kwanza mnunuzi anayoiona.
6. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa, toa chaki kwenye pembe kwa brashi laini ya nywele za mnyama, kausha.

Simamia hapo weusi unapokwisha, hata kama hakijawa kioo. Kila mng'arisho unaondoa fedha, na mchovyo huwa na unene wa mikroni chache tu hadi makumi kadhaa. Ukiona manjano ya shaba yanapevuka kwenye mgongo wa kijiko, hapo fedha imekwisha.

Madoa ya kijivu-zambarau yaliyo kama wingu ndani ya sterling si uchafu. Ni shaba iliyoungua ndani wakati fundi alipopasha moto. Hayatoki kwa kusugua, na kwa kweli ni ushahidi mzuri kwamba si mchovyo wa umeme. Yaheshimuni.

#9 KabatiLaVioo

Vinara vya mishumaa na visu je? Na nta iliyoganda?

#10 SonaraWaZamani

Vinara vingi vya bamba jembamba vimejazwa lami au plasta, na vina kitambaa chini kuficha. Ukivigonga sauti ni ya gogo, si ya kengele. Usizamishe. Lami inalegea kwa joto, plasta inavimba kwa maji, na bamba linapasuka kwenye mshono. Futa kwa kitambaa chenye unyevu tu. Nta: pasha kwa kikausha nywele kidogo hapo juu palipo na nta tu, kisha iondoe kwa kijiti cha mti au cha plastiki. Kisu kamwe.

Visu: mpini umejazwa utomvu, na bapa limegandishwa humo. Shika kwa mpini, osha bapa peke yake. Mashine ya kuoshea vyombo ina joto, chumvi na sabuni kali kwa pamoja. Bapa zitaanza kucheza kwenye mipini.

Buli zenye mpini wa mti au vipete vya pembe za ndovu vinavyozuia joto, hivyo visilowe. Ndani, weusi wa majani ya chai loweka kwa maji vuguvugu na bikaboneti, na uihifadhi kifuniko kikiwa wazi.

Vilivyopakwa maji ya dhahabu ndani, hasa vikombe vya chumvi, visafishwe kwa sabuni na maji tu. Dhahabu haipati weusi, unachokiona ni fedha ya chini inayopenya, na ukisugua unaondoa dhahabu.

#11 GramuKwaGramu

Kuhusu mapambo: bangili na mikufu ya kale ya Oman, Yemen na Ethiopia mara nyingi ilitoka kwenye riale za Maria Theresa zilizoyeyushwa. Sarafu ile ni 833, gramu 28.07, kwa hiyo msitegemee 925, na kukosa chapa si dalili ya ubandia. Mwaka 1780 kwenye riale yenyewe hauonyeshi umri. Ziliendelea kupigwa na mwaka uleule kwa karne mbili. Vyenye kaharabu, marijani, feruzi au lulu visiloweshwe kabisa, visiguswe na bikaboneti wala dawa yoyote. Pamba kavu inatosha.

#12 KemiaYaMetali

Kuhifadhi. Salfa inatoka kwenye sufi, felti ya kawaida, mpira, rangi fulani za ukutani, yai, kitunguu, haradali. Mpira wa kufungia vijiko ni balaa: unaacha mstari mweusi hata ukiwa umepita juu ya karatasi, na mara nyingine mstari huo umekula hadi ndani. Gazeti pia hapana. Nailoni ya kufunikia chakula hapana.

Karatasi laini isiyo na asidi, kisha mfuko wa polietilini wenye zipu, hewa imebanwa nje, kifuko cha jeli ya silika ndani, unyevu wa chumba chini ya asilimia 50. Kitambaa maalumu chenye chembe za fedha ndani ya nyuzi ni kizuri sana, kwa sababu kinajitolea kula salfa kabla haijafika kwenye chombo. Vyombo vya maonyesho vinaweza kupakwa nta ya mikrokristali, safu nyembamba, ila si vya kulia.

Na vijiko vya kulia, vitumieni. Kijiko kinachotumika na kuoshwa kila siku hakipati muda wa kuwa cheusi.

#13 MezaYaSherehe

Nimeelewa kuhusu foili, nashukuru. Swali la mwisho: vikombe vya chumvi vyenye vidoa vyeusi na ukijani, vina vishimo. Chaki inatosha?

#14 BiNakshi

Hapana. Huo si weusi wa salfa, ni kloridi, chumvi imekula metali, na ukijani ni shaba iliyomo. Mwaga chumvi, loweka kwenye maji yaliyotoneshwa ya vuguvugu, badilisha maji mara tatu au nne kwa siku moja au mbili ili chumvi itoke vishimoni, kausha vizuri. Vishimo vyenyewe havirudi. Kuvisawazisha ni kupunguza ukuta mzima wa kikombe, na hiyo ni kazi ya fundi wa fedha, akikubali. Mwambie kabla hajaanza kwamba hutaki lehemu ya risasi popote, maana chombo kikipashwa moto siku nyingine, risasi inatoboa fedha. Kuanzia hapo tia kibakuli cha kioo ndani ya kikombe, na chumvi itoke kila baada ya mlo.